Mlango Unaosema Kwanza

Niliisikia gereji kabla sijaiona. Nilikuwa nimesimama nje ya ukuta wa mabati, kando ya barabara iendayo Ruashi, na vumbi la malori ya shaba lilikuwa bado halijatua; hata viatu vyangu nilivitambua kwa kuvikumbuka. Ndipo ng'ambo ya mabati kikasikika kitu: tak. Mara, kama watoto wa darasani wanaomwitikia mwalimu: tak-tak-tak. Kimya. Halafu tena: tak. Tak-tak-tak. Na mtu mmoja akacheka peke yake kule ndani, kicheko kifupi cha mtu ambaye chakula chake kimeiva sawasawa.

Siku mliyoniaga mliniomba niseme neno, nami nikasema asante tu, kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa keki. Sasa keki imekwisha na nina muda. Ninawaandikia ninyi mafundi mliobaki pale gereji na bisibisi mikononi, mnaolala chini ya dashibodi mkitazama waya kama watu wanaotazama nyota. Habari za mshahara sitaziandika; hazikuwa ndefu. Nitaandika habari za milango.

Aliyekuwa anacheka alikuwa Vieux Banza, yaani Mzee Banza, mwenye gereji. Nilimkuta ameketi ndani ya gari dogo jekundu, macho ameyafumba, kidole chake kikicheza na kijiti cha kufuli, kile kinachochomoza juu ya mlango chini ya kioo. Mimi nilikuwa mtu mzima tayari, nina mke, na kwa miaka kadhaa nilikuwa natengeneza redio sokoni. Lakini watu walikuwa wameacha kutengenezesha redio. Walinunua mpya zisizofunguka, zikifa wanazitupa.

"We njo ule wa redio?" akaniuliza bila kufumbua macho.

"Njo miye, Vieux."

"Basi funga macho, Redio. Sikiya." Akabonyeza. Tak. Tak-tak-tak. "Mulango gani ilianza kusema?"

Nilisema ni wa kwake, wa dereva.

"Na ile ingine?"

"Ilijibu."

Akafumbua macho, akanitazama mara ya kwanza. "Bantu mingi wanasema yote inasema pamoja. Ukiingia hapa, usiseme vile hata siku moja." Kisha akashuka. Nami, kwa heshima, nikaufunga mlango nyuma yake kwa nguvu, kama tunavyofunga sote. Akageuka kana kwamba nimempiga kofi mtoto wake.

"Mulango haipigwi, Redio. Inasindikizwa." Akaufungua, akaushika kwa vidole, akatembea nao mpaka mwisho wa safari yake. Kufuli ikalia kidogo tu, sauti ya mtu anayemeza mate. "Unaona? Unaisindikiza mpaka ku nyumba yake, njo unaiacha."

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa. Jina la Redio likanibakia. Mke wangu mwenyewe hulitumia akikasirika.

Niwaeleze jambo hilo la mlango unaosema kwanza, maana nimeona hata mafundi wazuri wakilipita. Katika gari lenye kufuli za umeme, milango yote ina mota ndogo inayovuta na kusukuma kufuli. Lakini mlango mmoja una kitu cha ziada: swichi. Huo ndio unaotoa amri. Ukibonyeza kijiti chake, wenyewe unalia kwanza, kisha kisanduku kilichofichwa chini ya dashibodi kinapeleka umeme kwa wengine, nao wanaitikia. Hiyo nafasi kati ya sauti ya kwanza na zinazofuata ni ndogo kuliko kupepesa jicho, lakini ipo. Ndani ya nafasi hiyo, alisema Vieux Banza, ndimo fundi anamokula chakula chake.

Chombo chake cha kwanza alichonipa hakikununuliwa popote. Kilikuwa balbu ya taa ya kona, waya mmoja wenye mdomo wa kubana, na njiti ya gurudumu la baiskeli iliyochongwa ncha. Unabana waya kwenye chuma cha gari, unachoma njiti pale unapotaka kuuliza swali. Balbu ikiwaka, umeme umefika. Isipowaka, umeishia njiani. "Umeme haina bulozi," alikuwa akisema, yaani hauna uchawi. "Iko na njia. Tafuta wapi njia ilikatika." Baadaye nilikuja kuwa na vipimo vya tarakimu, vya kutoka ng'ambo, vilivyolia na kuonyesha namba hadi nyuma ya nukta. Vyote vimekufa. Ile njiti ya baiskeli ninayo hapa mezani, na jana niliitumia kupimia kengele ya mlango wangu.

Sheria yake ilikuwa kuanza na kilicho karibu na mkono. Gari halikubali kuwaka, linalia tik-tik tu: usifungue stata, tazama kwanza vichwa vya betri, mara tisa katika kumi utakuta ukungu wa kijani umevaa pale kama soksi. Taa zinafifia jioni: gusa mkanda wa alternata kabla hujaishtaki alternata yenyewe. Kioo cha mlango hakipandi: sikiliza. Mota ikilia na kioo hakisogei, ni kamba imekatika. Mota ikinyamaza, ni njia. Kufuli moja haifungi na nyingine zinafunga: toa ubao wa mlango, na kabla ya kununua mota mpya, pulizia. Vumbi letu jekundu likichanganyika na grisi linakuwa tofali, na nimetoa matofali ya kutosha kujenga choo.

Kulikuwa na padri mmoja ambaye kila alipokanyaga breki, taa za kona ziliwaka kidogo na mshale wa mafuta ukacheza. Waumini walikuwa wameanza kuogopa kupanda. Vieux Banza hakufungua chochote. Alilala chini, akakuta waya wa masi, yaani ule unaorudisha umeme kwenye mwili wa gari, umekatika kwa kutu. Umeme ukikosa njia ya kurudi nyumbani, unapita kwa majirani, na majirani wanawaka. Padri akakiri kwamba alikuwa amelinyunyizia gari maji ya baraka, tena kwa wingi, hasa upande ule. "Mon père," Vieux akamwambia, "baraka iliingia. Kutu pia."

Kulikuwa na Mama Yolande, aliyeleta samaki wakavu kutoka Pweto. Kufuli zake zilikufa moja baada ya nyingine, na hatukuelewa mpaka tulipoinua zulia tukakuta panya wamekula waya wote uliopita chini ya magunia. Samaki hawakuguswa. Mama Yolande alichukizwa na jambo hilo kuliko uharibifu wenyewe. "Wanaacha samaki yangu, wanakula nyaya? Samaki yangu iko na mubaya gani?" Na kulikuwa na mfanyabiashara wa Mokambo ambaye kidude chake cha kufungulia gari kwa mbali kilikataa mahali pamoja tu duniani: mbele ya nyumba ya mama mkwe wake. Alikuwa amekwishamtungia mama wa watu hadithi ndefu. Nilikwenda mwenyewe kuona. Nyuma ya nyumba palikuwa na mnara wa simu mrefu kama adhabu, na kidude kilikuwa na betri iliyochoka. Sauti yake ndogo ilimezwa na kelele za mnara. Nikabadilisha betri. Akafurahi, lakini nadhani kwa siri alisikitika kidogo.

Sasa nije kwenye gari la Vieux Banza mwenyewe, maana bila hilo nisingechukua kalamu.

Mnajua magari yetu yanatoka wapi. Yanafika kutoka Japani yakiwa na usukani kulia, na sisi tunapita kulia, kwa hiyo dereva anakaa kwenye mtaro na hawezi kuona lori linalokuja. Ndiyo sababu tunahamisha usukani. Ni kazi ya mji huu, na Vieux Banza alikuwa mfalme wake. Alikata, akachomea, akahamisha pedali, akageuza dashibodi, akapitisha mabomba upya, na ukiingia ungeapa gari lilizaliwa hivyo. Gari lake, jeupe kama maziwa ya unga, alilihamisha siku za Jumapili, polepole, kama mtu anayejishonea suti. Alimaliza kila kitu isipokuwa kimoja: amri ya kufuli. Swichi ilikuwa bado katika mlango wa kulia, uliokuwa wa dereva na sasa ukawa wa abiria.

Mimi nilikuwapo siku aliyotaka kuihamisha. Mkewe, Mama Odile, alileta bukari, ugali wetu, na mboga, akaketi kulia ili asipigwe na jua, na kwa kucheza akabonyeza kijiti. Tak. Tak-tak-tak. Milango yote ikamtii. Akabonyeza tena. Nikauona uso wake ukibadilika, uso wa mtu aliyepewa cheo bila kuomba.

"Banza," akasema, "hii uiache."

"Odile, amri inakuwaka upande ya dereva."

"We utashika volan. Miye nitashika milango. Tutaona nani atachoka mbele."

Ikabaki hivyo miaka yote. Fundi mkubwa wa kufuli katika mji wetu aliendesha gari ambalo milango yake ilikuwa mikononi mwa mkewe. Wakigombana, Mama Odile hakupaza sauti; alibonyeza. Mzee akiinua kijiti cha upande wake ili atoke, mama anabonyeza tena. Nimewakuta mbele ya gereji, mzee amefungiwa ndani ya gari lake mwenyewe, akisema "Pardon, Odile, pardon", na sisi nje tukijifanya tunatafuta spana. Gari lile liliwapeleka sokoni, kanisani, hospitali ya uzazi. Watoto wao walikua humo. Nadège, kitinda mimba, alifanyia kazi zake za shule juu ya boneti yake, na kabla hajajua kusoma vizuri alikwishajua kutaja mlango kwa sauti. Tulimfumba macho kwa kitambaa, tukabonyeza, naye akapiga kelele: "Ya nyuma! Ya Mama! Ya Papa!" Hakukosea kamwe.

Miaka ikapita. Vieux Banza akaacha kazi, mikono ikitetemeka, akanikabidhi gereji. Nadège akapata mchumba, kijana mzuri mwenye duka la vipuri kule Ruashi. Na siku moja mzee akafika kwangu na lile gari jeupe, akazima injini, akabaki ameketi.

"Redio, motoka inaniletea haya."

Kufuli zilikuwa zimeanza kujifunga na kujifungua zenyewe. Akivuka reli, tak-tak-tak-tak. Akipita shimo, tak-tak-tak-tak. Na Jumamosi ilikuwa harusi. Tangu Nadège angali mtoto, mzee alikuwa ameapa mbele ya kila mtu kwamba siku ya ndoa atampeleka binti yake kanisani ndani ya gari alilolijenga kwa mikono yake. Sasa Papa Mukendi, mjomba wa bwana harusi, mtu mkarimu mwenye sauti ya kuhubiria uwanjani, alikuwa amesikia habari za kufuli na kujitolea kuleta gari la kukodi, jipya, jeusi, lenye riboni. Alitoa kwa wema kabisa. Kwa mzee ilikuwa kama kuambiwa aje harusini bila suruali.

Tena mnaijua desturi yetu. Gari la bibi harusi likifika kanisani, shangazi yake anashika mlango. Hafungui mpaka upande wa mume umfurahishe: kitenge, maneno matamu, magoti chini kidogo. Shangazi asiye na mlango wa kushika ni shangazi mtupu. Na shangazi mwenyewe alikuwa Tantine Célestine, dada mkubwa wa Vieux Banza, mwanamke ambaye hata mvua ilimwomba ruhusa. Angekaa mbele kulia, kwenye kiti cha Mama Odile, kwa siku hiyo moja. Fikirini milango ikijifungua yenyewe kabla hajafurahishwa! Au ikijifunga baadaye.

Nilianza na kilicho karibu na mkono. Betri nzuri. Fyuzi nzima. Kisanduku kikavu. Nikatoa ubao wa mlango wa kulia, nikapuliza tofali langu la kawaida. Bado. Ndipo nikaenda mahali ninapowaomba ninyi, wadogo zangu, mwende mapema kuliko nilivyokwenda mimi: ile raba nyeusi kama mkono wa shati, kati ya mlango na nguzo ya gari, ambamo waya hupita. Kila mlango unapofunguliwa, waya unakunjwa. Nje unaonekana mzima, ndani shaba imekatika, ncha mbili zinagusana na kuachana kila gari linaporuka. Niliivua raba. Waya wa swichi ulikuwa umekufa hivyo hivyo, kijani ndani ya ngozi nzima. Mlango wa Mama Odile ulikuwa umefunguliwa kuliko mingine yote.

Nikaunga waya mpya kwa risasi ya kuyeyusha, nikauachia urefu wa kutosha upumue. Nikamwita mzee. Akaketi, akafumba macho kama siku ile ya kwanza. Nikabonyeza.

Tak. Tak-tak-tak.

Akacheka kile kicheko chake kifupi. Lakini hakushuka. Akatazama nyuma, akaona Mama Odile yuko mbali anazungumza na muuza mandazi, akainama kwangu.

"Redio. Uniwekee kifungo kimoja ku upande yangu. Chini ya volan, pa kidole."

"Ya kufunga milango? Mama Odile atasema nini?"

"Hataona. Ni ya siku moja."

"Ya kazi gani, Vieux?"

Akafuta kioo ambacho kilikuwa safi. "Kama Célestine anasahau kufungua."

Tantine Célestine hakuwahi kusahau kitu tangu kuzaliwa. Alikumbuka hata madeni ya sabuni ya watu waliokufa. Lakini fundi hamwulizi mara mbili aliyemfundisha kuuliza. Nikapitisha waya mbili chini ya usukani, moja kwa moja hadi kwenye kisanduku, na kifungo kidogo cheusi, cha kufunga na kufungua, ambacho huwezi kukiona usipolala chini.

Jumamosi jua lilikuwa limeoshwa. Nilivaa suti, na ndani ya mfuko wa koti nikaweka balbu na njiti yangu, maana mazoea hayana sherehe. Gari jeupe liliingia uwanja wa kanisa likipiga honi, maua kwenye vioo, na akina mama wakapiga vigelegele mpaka njiwa wakahama paa. Vieux Banza alikuwa kwenye usukani, wima kama askari. Kulia kwake Tantine Célestine na kilemba kikubwa. Nyuma, Nadège, mweupe mzima, akicheka ndani ya shela.

Tantine akabonyeza. Tak. Tak-tak-tak. Milango ikafungwa kwa utii, nami nikashusha pumzi.

Papa Mukendi akaja mbele na watu wake. "Mama yetu, tulifika. Tunalomba mulango."

"Mulango gani?" Tantine akasema kwenye upenyo wa kioo. "Mi naona bantu wanatoka jasho tu. Sione kitenge."

Wakatoa kitenge. Akakigusa kwa vidole viwili, akakinusa, akauliza kama ni cha kufutia meza. Wakatoa cha pili. Papa Mukendi akapiga goti, na umati ukashangilia kwa sababu suruali ilikuwa mpya. Tantine akamwacha hapo kwa muda wa kutosha watu wote waone. Kisha akatabasamu.

"Sasa naona ni bantu. Mutoto atoke."

Akainua kijiti. Tak. Tak-tak-tak. Nadège akagusa mkono wa mlango.

Tak! Milango ikajifunga.

Watu wakacheka. Tantine akakunja uso, akakiinua tena: tak, tak-tak-tak. Tak! Ikafungwa tena. Mara ya tatu, hali kadhalika. Vicheko vikapungua. Tantine akatoa mkono kwenye kijiti kama mtu aliyegusa sufuria la moto.

"Si miye!" akasema. "Mi siguse kitu!"

"Nilisema!" Papa Mukendi akainuka akipangusa goti. "Nilisema tukodi motoka! Sasa bibi arusi wetu iko mu gereza!" Nikamwona Mama Odile kwenye ngazi za kanisa ameshika mdomo. Kwaya ilikuwa imeanza wimbo na kuukatisha. Na macho yote yakanigeukia mimi, kwa sababu wote walijua nani alitengeneza kufuli zile.

Nikatoa balbu yangu mfukoni, nikasogea. Nikapitia kila kitu kichwani: risasi, raba, masi. Halafu nikafanya nilichofundishwa siku ya kwanza. Nikaweka kiganja juu ya paa, nikafumba macho.

"Tantine, fungua tena."

Tak. Tak-tak-tak. Mlango wa kulia ulisema kwanza, mingine ikaitikia. Safi.

Halafu ikafungwa: tak! Sauti moja. Mlango wa kulia haukutangulia. Ulisema pamoja na wenzake, kama mwanafunzi tu. Na kabla yake, kitambo kidogo kabla, chini ya usukani, kilisikika kitu kidogo kama ukucha juu ya meza.

Nikafumbua macho. Vieux Banza alikuwa anatazama mbele, kuelekea msalaba wa kanisa. Mkono wake wa kushoto ulikuwa juu ya usukani. Wa kulia sikuuona.

Nikainama kwenye kioo chake. Balbu ikaning'inia kwenye vidole vyangu bila kazi. "Vieux," nikasema chini chini, "betri iko muzuri."

"Najua."

"Fyuzi iko muzuri. Waya iko muzuri."

"Najua, Redio. We uko fundi."

"Basi ni nini?"

Akameza mate. "Kuko kintu nilitaka kumuambia mbele atoke."

"Kintu gani?"

"Njo nimesahau."

Ndipo sauti ikatoka nyuma, ndani ya shela, tulivu kabisa, sauti ya mtoto aliyefumbwa macho kwa kitambaa. "Ya Papa," Nadège akasema. "Inatoka ku upande ya Papa."

Mzee hakugeuka. Akausugua usukani kwa kidole gumba.

"Papa, siende mbali. Ni Ruashi."

"Ruashi iko na mavumbi mingi," mzee akasema.

"Iko nayo."

"Inaingia mu milango. Inakamata grisi, inakuwa matofali."

"Basi nitakuletea motoka uipulize. Kila dimanche, nyuma ya misa. We utashika volan, na bwana yangu atakaa nyuma." Akanyoosha mkono wenye glavu nyeupe katikati ya viti, akauweka juu ya bega la baba yake. "Na miye nitakaa kuume, pa kiti ya Mama. Si njo pale wanashika milango?"

Tantine Célestine, aliyekuwa amesikia yote, akageuza kilemba chake taratibu, akamtazama kaka yake, kisha akatazama chini ya usukani. Nikadhani dunia inakwisha. Lakini mwanamke yule akavikunja vitenge vyake viwili mapajani, akasema tu, "Banza. Hata miye walinisindikiza, na sikukufa."

"Redio!" Papa Mukendi akapiga kelele kutoka nje. "Ni nini? Tuite motoka ingine?"

Nikasimama wima, nikarudisha njiti mfukoni. "Ni mavumbi, Papa," nikamjibu. "Imetoka."

Mzee akacheka. Kicheko kifupi, chenye maji ndani yake. Akautoa mkono wake wa kulia chini ya usukani, akauweka juu, mahali ambapo kila mtu aliuona. Kisha akamwambia dada yake, "Célestine, fungua."

Tak. Tak-tak-tak.

Tukangoja, sote, hata njiwa. Hakuna kilichofuata.

Nadège akafungua mlango. Ilitoka kwanza glavu, kisha kiatu, kisha gauni ambalo halikuwa na mwisho, na vigelegele vikapanda tena. Bwana harusi akasogea ili amfungie mlango, mkono tayari, kwa haraka ya mtu mwenye furaha. Nadège akamzuia kwa macho. Akageuka mwenyewe, akaushika mlango kwa vidole, akatembea nao polepole mpaka mwisho wa safari yake, na kufuli ikalia kidogo tu, kama mtu anayemeza mate.